Futi Tisa

Tunafunga lango kwanza, ndipo tunafungua mbwa.
Sheria ya hapa ni hiyo moja,
na Semkiwa huirudia kila Jumapili saa kumi
akikaza kamba ya mkonge kwenye nguzo:
"Nimefunga. Haya, fungueni."

Zamani Raskazone hapa mameneja wa shamba walicheza tenisi.
Wavu uliibwa, mistari imeliwa na nyasi,
umebaki uzio, waya wa matundu wenye kutu ya mdalasini,
mzima pande zote
ila kona moja tuliyoiziba kwa mlango wa friji.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Sikuwahi kutaka mbwa.
Kaka yangu Sufiani alilinda ghala la saruji miezi kumi na minne,
tajiri akafilisika, akamlipa mbwa.
Akamwita Mshahara.
Alipofariki Sufiani, chumba kilirudi kwa mwenye nyumba,
baiskeli ikaenda na mdai,
mimi nikaachiwa Mshahara na mnyororo wake.

Nimejishonea dera la kaniki, la siku ya mbwa tu.
Linakaa kwenye msumari nje, halivuki kizingiti.
Nikirudi, ndoo ya maji na kopo la udongo vinanisubiri:
mara saba, ya kwanza kwa udongo.
Bi Hidaya wa nyumba ya pili hunihesabia kwa sauti, dirishani,
nisije nikaishia sita.
Siku niliyolala na homa alipiga hodi, akasimama mbali:
"Leo huyo humpeleki? Atasononeka."

Jumapili ya kwanza niliita, "Mshahara! Njoo!"
Uwanja mzima ukacheka.
Mbelwa, mwalimu wa hesabu, akasema wake yeye
ameuita tangu mwezi wa pili, hata mkia hajauona.

Mbwa wengine walitawanyika kama shanga uzi ukikatika.
Pilipili wa muuguzi Shekue, mdogo kama kikapu cha ndimu,
alikuwa huku, alikuwa kule, alikuwa juu ya mgongo wa mtu.
Mshahara alizunguka.
Duara. Duara. Duara lile lile, kwa kulia,
hakuongeza hatua, hakupunguza,
wiki kwa wiki, mpaka nyasi zikalala, ikatokea njia.

Jumapili ya nne nikatoa tepu yangu ya kupimia viuno.
Kutoka katikati hadi ukingoni: futi tisa.
Nyumbani nikapima mnyororo.
Futi tisa.
Nikakaa kwenye cherehani, sikushona kitu.

Nikamkumbuka Sufiani, likizo aliyokuja kwetu:
saa nane za usiku anaamka, anaizunguka nyumba,
anatikisa kufuli ya banda lisilo na hata kuku.

Sikumsukuma. Sikumvuta. Nilisimama tu nje ya ile njia,
nimevua ndala miguu ipate hewa,
Pilipili akaja kama upepo wa mlango, akanyakua ya kushoto,
akakimbilia kona ya friji.

Mshahara akafika ukingoni, akasimama.
Mguu mmoja juu.
Nikaona ngozi ya shingo ikijikunja, ikingoja kuvutwa,
na hapakuwa na wa kumvuta.
Mbelwa akaacha maneno katikati.
Semkiwa, sijui kwa nini, akakagua tena fundo la lango.

Kisha vumbi.

Ndala hakuniletea. Waliigawana yeye na Pilipili,
kila mmoja na upande wake,
na yeye akaukimbiza wake uzio hadi uzio, kona zote nne,
akikata mistari iliyokufa, ulimi nje, mjinga kabisa,
mpaka giza likatutoa.

Nikarudi Ngamiani mguu mmoja chini.
Bi Hidaya alikuwa dirishani tayari. "Na ndala?"
"Makato," nikamwambia. "Makato ya Mshahara."
Alikuwa amefika tano; akacheka, hesabu ikampotea,
ikabidi nichote udongo upya
naye aanze: moja.