Mchago

Faili lake linasema: hupiga kelele usiku.
Limeandikwa kwa wino wa buluu, mikono ya zamu tatu,
na chini yake kidonge: nusu, kisha kizima.

Mimi si wa mafaili. Mimi ni wa ndoo mbili,
moja ya sabuni, moja ya kusuuzia,
na kibao cha njano chenye mtu anayeteleza
nilichokisimamisha kila pembe ya nyumba hii ya Ibra
mwaka wa nne sasa.

Shuka ni safi, nisiseme uongo.
Kila saa mbili wanageuzwa, kulia, kushoto,
hakuna aliyechubuka mgongo.
Sista Lissy hupima uji kwa kijiko, maji kwa mstari wa chupa.
Nje Julai inachoma mpaka kunguru ananyamaza;
ndani bibi kumi na wawili, safu moja,
kama mayai kwenye trei.

Bi Thuwaiba alikuja na Kiarabu chake, kizuri,
alichojifunzia ukubwani aliposhuka kutoka Wete,
cha kuombea nyumba, cha kugombana na mkwe.
Kimemtoka kidogo kidogo, kama hina kwenye kucha:
kwanza siku za wiki, halafu majina ya wajukuu,
halafu maji.
Kilichobaki ni kile cha kwanza,
na sista ni wa Kerala, daktari wa Sudani.

"Mchago!" anasema. "Mchago!"
Wanamletea maji. Wanamletea mto.
Wanambadilisha nepi iliyo kavu.
"Mchago, nyie! Hamna mama?"
Wanamletea kidonge.

Usiku ule nilikuwa uvunguni, nafuta uji uliomwagika,
neno likanishukia kutoka juu
kama bibi yangu wa Muheza kanigonga upawa.
Nikatoka na kitambaa mkononi.
"Mchago umefanyaje, bibi?"

Akanitazama
kama mtu aliyepiga hodi miezi minane
na sasa anasikia komeo.
"Wamenilaza miguu kibla, mwanangu.
Nainyooshea Makka nyayo kama sikufunzwa."
Wenzake wanasema mgonjwa halaumiwi.
Yeye alikwisha sahau kuwa ni mgonjwa.

Kugeuza kitanda si kugeuza chapati.
Kamba ya kengele haifiki, oksijeni iko ukuta ule,
na kuna sheria ya safu.
Sista Lissy akakisikiliza Kiarabu changu cha ndoo na fagio,
akasema hapana. Akaenda hadi mlangoni. Akarudi.
"Kwetu pia," akasema, "uko upande usiolazwa kichwa."
Akafungua breki kwa kidole cha mguu.
Kamba tukaiunga kwa bendeji.

Jumatatu akaja mkaguzi na kishikwambi.
Akasoma joto la friji, tarehe za dawa,
akapitisha kidole juu ya kabati, kikatoka cheupe;
nikavimba kichwa.
Halafu akasimama: kitanda cha nne kimetoka kwenye safu.
Akauliza kwa nini. Hakuniuliza mimi,
watu wa ndoo hatumo kwenye orodha.
Bi Thuwaiba ndiye aliyemjibu, kwa Kiswahili, kwa kirefu,
pamoja na habari za mkwe na bei ya gesi.
Mkaguzi akatabasamu, akabonyeza.
Alama moja ikakatwa.

Ila zamu ya usiku imeandika, wino uleule:
amelala.
Juzi pia: amelala.

Sasa kinachoninyima raha ni kitanda cha saba.
Bi Durbibi, Mbulushi. Neno lake ni moja,
hulisema akitazama viganja vyake, taratibu, hachoki.
Si maji. Si mto.
Nimelibeba jikoni, getini, kwa dereva wa ambulensi;
hakuna anayelijua.
Basi kila usiku naifuta sakafu yake mara mbili,
pale palipokwisha kukauka,
nikilirudia neno lile nilivyolisikia,
vibaya,
na yeye ananisahihisha.