Kilo Kumi na Mbili

Saa kumi na moja alfajiri Cirhuza ananibipu,
mlio mmoja, halafu kimya.
Maana yake: yaya, nimeshatoka.

Kutoka Bagira anateremka gizani,
anapita kiwanda cha bia akiziba pua
(si uvundo; harufu ile anaipenda mno),
kisha anaukabili mlima wa Kadutu, udongo
ukiking'ang'ania kila kiatu kama mdai.
Daktari kamwambia: damu yenu ni moja,
lakini ini lako limenona.
Punguza kilo kumi na mbili,
ndipo tutazungumza habari za ndege.

Basi nangoja hivyo.
Kuna nchi ambako watu hungoja simu ya usiku,
mgeni aliyekufa barabarani.
Mimi nangoja suruali ya mdogo wangu imlegee kiunoni.

Yeye anakonda, mimi nafura.
Kila baada ya Jumanne mbili wananitoboa ubavu,
maji yanashuka katika bidoni,
rangi ileile ya macho yangu.
Lita saba, anasema nesi Nabintu,
kama anayepima mafuta ya mawese.
Natoka mwepesi.
Kufikia Ijumaa viatu vimenikataa tena.

Chumvi nimeisahau. Sambaza nazichemsha tupu,
zinanitazama kwa vijicho vyao kama watoto walioonewa.
Mwasho huja usiku; najikuna kwa gunzi la mahindi
mpaka mume wangu anahamia sebuleni, bila neno, na mto wake.
Jirani wanasema nimelishwa karuho.
Wananiletea mizizi ndani ya chupa za soda.
Nashukuru, naumwagia mgomba.
Mgomba umestawi.

Hospitalini huniambia: nyoosha mikono mbele,
kama unasimamisha gari.
Vidole vikipepea, dawa inaongezwa.
Juzi nilisimama jikoni na kitu mkononi
na jina lake limeondoka.
Ansima, mwenye miaka tisa, akanishika kiwiko:
"Mama, ni mwiko."
Tukacheka. Kisha akaenda nyuma ya nyumba,
akakaa huko muda mrefu.

Kuna neno sijalitaja.
Mwaka ule wa kiwanja cha baba, kule Walungu,
Cirhuza aliuza bila kuniuliza.
Nikamwambia mbele ya wajomba na wake zao:
umenikata maini.
Miaka sita hatukupeana mkono.
Na sasa, wakimlaza huko India chini ya taa,
watamkata maini yeye,
kwa kisu, kwa saini yake mwenyewe,
wanipe mimi kipande.

Wanasema litaota. Lake litajaza pengo,
langu litajitanua polepole kama mtu
aliyepewa chumba asichokizoea.
Hakuna hati, hakuna mpaka wa kupima kwa kamba.

Jana alikuja kwenye mizani. Nane zimeondoka,
bado nne. Mashavu yameingia ndani
na ghafla nikamwona baba.
Akanywa maji. Akasema, "Njaa, yaya. Naota mbuzi wa kuchoma,
naamka nimeuma shuka."
Nilitaka kumwomba msamaha, ulimi ukawa mzito,
nikasingizia ugonjwa.
Nikachukua mkanda wake na msumari,
nikamtobolea tundu jipya.

Leo mvua inapiga mabati tangu saa nane.
Nimekaa kitandani, simu juu ya ngoma ya tumbo langu.
Saa kumi na moja.
Saa kumi na moja na robo.
Njia ya Kadutu sasa ni mto wa matope na mawe,
na mimi, Mungu anisamehe,
naomba atoke, naomba asitoke.

Simu inatetemeka juu ya maji.