Kura Iliyokataliwa

Saa saba usiku, darasa la nne, Mishomoroni.
Umeme ulikatika mapema; tunahesabu kwa taa ya betri,
na kivuli cha Bi Nyamvula, msimamizi wa kituo,
kinapanda ukutani juu ya chati ya ngeli:
A-WA, KI-VI, LI-YA.

Anainua karatasi moja moja mbele ya mawakala
kama muuza leso anayekuonyesha jina kabla hujalipa.
"Jembe." Tunaandika.
"Saa." Tunaandika.
Wakala wa saa amesinzia. Wakala wa jembe anampiga kikumbo,
maana hata ushindi wahitaji
mpinzani aliye macho.

Kisha Bi Nyamvula akanyamaza.

Karatasi haikuwa na alama. Kukatiza visanduku vyote vitano,
kwa herufi za mtu aliyefunzwa kuandika ukubwani:
*Mfeleji wa kwa Mapanga umekauka tangu Mfungo Sita.
Dumu ni shilingi hamsini.*

Tulicheka. Nami nilicheka, sijitoi.
"Huyo wetu," akasema wa jembe, "maji tumeahidi sisi."
Wa saa, usingizi umemruka: "Na waliokata ni nani?"

Bi Nyamvula akafungua kanuni, akasoma taratibu:
nia ya mpiga kura sharti ionekane pasi na shaka.
Akatutazama.
"Nia yake mwaiona?"
Twaiona. Sote saba twaiona.
"Haya, amemchagua nani?"

Mbu tu.

Akagonga muhuri.
Safu ya mwisho ya fomu, kwa mkono wangu, nikajaza: moja.

Nilikula kiapo, na siri ya kura ni siri.
Sikumwambia hata mume wangu.
Lakini maneno yale yalinifuata hadi nyumbani, yakakaa
kama mgeni asiyesema ataondoka lini.
Nasahihisha insha za watoto, nakutana na *mfeleji*,
kalamu nyekundu inasita.

Miezi saba baadaye, tangazo mlangoni pa duka la Nzaro:
wananchi wote mwaalikwa kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti,
Jumatano, saa tatu asubuhi.
Saa tatu, wenye kiu wako kwenye foleni ya maji.

Ukumbini viti mia mbili, watu kumi na tisa.
Wanane walikuja kwa ajili ya soda,
wala siwalaumu, soda ile ni kodi yao.
Kitabu chenyewe kizito kama tofali,
Kiingereza cha wahasibu, nakala tatu, tupokezane.
Karatasi ya mahudhurio iliponifikia niliisoma yote,
natafuta ule mwandiko, ile K yenye mguu mrefu.
Hamna.

Ukurasa wa mia moja na arubaini.
Taa za mapambo kwenye mzunguko wa barabara
zimetengewa mara nne ya mabomba ya Kisauni.
Nilisoma mara mbili, kwa kidole,
kisha nikasimama. Magoti yalinitetemeka,
mimi ninayefokea watoto sitini kwa siku.

Nikasema: Mfereji wa kwa Mapanga umekauka tangu Mfungo Sita.
Dumu ni shilingi hamsini.
Nikaketi.
Nilikuwa nimeandaa mengine, yakanipotea.

Nyuma yangu bibi mmoja akaguna "Naam,"
na mtu wa soda akaiweka chupa chini.
Hilo halikuandikwa popote.

Karani, kijana wa tai fupi, hakuinua uso:
"Jina la mtoa maoni?"

Hapo nikakwama.
Jina lake silijui. Sheria ilitaka nisilijue,
nami naiheshimu sheria, nililala njaa darasani kwa ajili yake.
Nikakitazama kidole changu kidogo;
wino ulishatoka zamani, na ukucha umeota upya.

"Mama, jina?"

Nikalitaja langu, herufi kwa herufi.
Akaliandika, na akalikosea.