Kangomba ya Angani

Lete kadi, Twalibu. Na ile kalamu ya ghala.
Nimepima korosho misimu kumi na moja,
najua gunia linavyoficha mchanga chini, likacheka juu.

Nauli, kwenda na kurudi: laki nne na ishirini.
Basi lingekula elfu sabini, na mgongo wako.
Mgongo nauandika pembeni, usije kusema sikuuhesabu.
Kwa safari hiyo wanakupa pointi mia sita.
Tiketi ya bure, ya kwenda tu, ni pointi elfu tisa.
Safari kumi na tano basi,
ndipo waseme: ahsante, panda.

Panda! Kwanza lipa kodi na tozo, elfu sitini na mbili.
Bure ya namna hiyo naijua,
huku kwetu inaitwa makato:
unyaufu, ushuru, gunia, kamba,
mkulima anarudi Naliendele na karatasi na shukrani.

Laki mbili na kumi, toa tozo, gawa kwa elfu tisa.
Pointi moja, shilingi kumi na sita na senti.
Mia sita zako hazifiki elfu kumi.
Nawe Jumanne ile ulitoa laki nne na ishirini,
huna kikao, huna mgonjwa, huna hata mzigo,
ukashuka Dar, ukanywa chai uwanjani,
ukarudi na ndege ileile
ili pointi zisife Desemba.

Kaka yangu, hiyo ni kangomba.
Ulimsema Bi Nampaka mbele za watu
kwa kuuza maua ya mkorosho kabla hayajashika bibo,
kwa kisado, kwa ajili ya ada ya mtoto.
Wewe ulibanwa na nini?

Akanyamaza. Akatoa mfukoni kipakiti alichopewa hewani.
Korosho.
Tukazimwaga mezani, tukazihesabu: kumi na moja,
mbili zimevunjika.
Nyuma pameandikwa zilikofungashwa,
mahali ambapo mkorosho haujaota hata kwa bahati mbaya.
"Weka na hizi," akasema. Nikaweka.

Halafu, akiikwaruza meza kwa ukucha:
"Saa nzima, Somoe, simu imezimwa kwa amri.
Hakuna mwanachama. Hakuna anayeniuliza
katibu, malipo ya pili yanatoka lini,
kana kwamba nimeyalalia.
Saa nzima anayenikataza kupokea ni rubani,
si mimi."

Nikarudi kwenye daftari, nikatafuta safu.
Ya nauli ipo. Ya makato ipo. Ya mgongo ipo, pembeni.
Saa moja ya kutoulizwa
ina kilo ngapi? Daraja la ngapi?
Nani aliwahi kuipeleka mnadani?

Simu yake ikaita,
ikitetemeka na kujizungusha katikati ya korosho.
Saa nne usiku, Chikongola yote kimya.
Tukaitazama wote wawili.
Nikaokota moja ya zile zilizovunjika,
nikala.