Mtungi wa Saba

Mama ameagiza picha.
Si yangu. Ya mmea wake.
"Mtungi wa saba," ameandika, "ule wa upande wa dirisha.
Nilipoondoka ulikuwa umefumba. Umefumbua?"
Anaandika kwa mkono wa kushoto; wa kulia una dripu.

Basi nimepanda hadi ghorofa ya sita kwa miguu.
Brno, Januari, lifti imegoma tena,
na Bi Hrdličková wa ghorofa ya nne
kanisimamisha ngazini, kauliza hali ya mgonjwa
huku macho yake yako kwenye ufunguo mkononi mwangu
kana kwamba nimekuja kurithi.

Nyumba ina baridi ya siku sita.
Mmea unaning'inia jikoni, kwenye ndoano
ambayo baba aliitobolea dari kwa ajili ya taa.
Majani yake ni majani tu, mpaka kwenye ncha:
hapo jani hujivuta likawa uzi,
uzi ukapinda, ukavimba, ukawa mtungi,
kijani chenye madoa ya hudhurungi,
mdomo umekunjwa nje kama ukosi uliopigwa pasi,
na juu yake kifuniko kisichofunika kitu.

Maji ya bomba huuua. Hilo nalijua tangu utoto.
Alinituma uani na beseni nichote theluji,
"si ile ya karibu na magari, Radim,"
niiyeyushe taratibu; na nikitaka chai
niliambiwa ningoje, mmea kwanza.
Niliuonea wivu. Nina miaka hamsini na miwili, nakiri leo.

Picha ya kwanza: dirisha limemeza kila kitu.
Ya pili: mkono.
Ya tatu nimeiegemeza simu kwenye sufuria,
nikapangusa vumbi kwa brashi ya poda ya bafuni,
harufu ya shavu lake,
na nikachungulia mtungi mkubwa, ule uliokwisha komaa.

Chini, ndani ya maji yasiyo maji,
inzi wawili, buibui aliyejikunja kama mwavuli,
na nyigu, bawa moja limegandamana na ukuta.
Nyigu, Januari! Huyu ni wa Oktoba,
wa siku zile alipolalamika kiungulia
nami nikamjibu, kwa simu, nikiendesha gari:
"Kula polepole, mama."

Watu huuita mkatili.
Lakini haujamfuata mtu. Umekulia udongo usio na kitu,
na asiyelishwa na ardhi hukinga hewani.
Haba na haba, inzi kwa inzi.

Nimemtumia picha ya huo mkubwa. Ulikuwa umependeza.
Jibu limekuja kabla sijakaa:
"Huo ni wa tatu. Unanidanganya mimi?"

Wa saba ulikuwa nyuma ya pazia, mdogo kama kidole gumba,
umefumba fumbu.
Nikauwekea tochi nyuma. Ukawaka kama yai,
na nikauona mstari: maji, nusu ya mtungi,
ndani ya kitu ambacho hakijawahi kufunguka.
Yalipitia wapi?
Wiki iliyopita daktari alibandika picha kwenye ubao wa mwanga,
akanionyesha kwa kalamu, hapa, na hapa,
nami nikatikisa kichwa kama mtu anayeona.
Huu niliuona.

Nikabonyeza. Nikatuma.
Dakika nyingi. Kisha:
"Vizuri. Usiuguse. Usije ukaupasua kwa ukucha
kama ulivyofanya mwaka ule, ukasema ni paka."

Hatukuwahi kuwa na paka.
Nimecheka peke yangu mle jikoni mpaka kioo kikaingia ukungu.

Kisha nikashika udongo wa chungu: mkavu.
Nimechukua beseni, lile lile la bluu, lenye ufa ukingoni,
nimeshuka ngazi zote sita,
nimempita Bi Hrdličková mlangoni pake, hakuuliza,
na nimekwenda mbali na magari.