Jino la Msimu wa Korosho

Nilibangua kwa jino korosho moja Newala;
siku zikafika tano, sipati lepe, sijala;
shavu likajaa mno, jicho moja likalala;
karafuu na maneno vikatoka bila-bila.

Mbele ya Bibi Somoe nikaachama kwa chozi:
"Koleo leta, ling'oe!" Akanipa neno wazi:
"Mkorosho uung'oe kwa ubwiri? Upuuzi!
Ngoja mshipa nitoe, nizibe hadi mzizi."

Ganzi ilifanya niwe mdomo wa kuazima;
sikupatwa na kiwewe mizizi alipopima.
Deni? Mnada na uwe, natoa gunia zima.
Kubangua sasa: jiwe. Jino nalipa heshima.