Senti Mbili kwa Kila Herufi

Keti, Bwana Pruitt, weka patasi chini kwanza.
Unasema senti mbili kwa kila herufi,
na jiwe la chokaa halisamehi kosa.
Basi nisikilize. Kusoma sikujaliwa,
kuhesabu hakujawahi kunishinda.

Wakubwa wa kaunti wanataka uchonge: WA KWANZA.
Usichonge.
Tulipofika ukingo wa Wabash ilikuwa Novemba,
ng'ombe mmoja amefia njiani, mimi mja mzito wa miezi saba.
Tulikuta duara la mawe, na majivu yangali na uvuguvugu.
Mahindi yamevunwa nusu.
Wamiami walikuwa wameondoka juzi yake,
au wameondoshwa; hatukuuliza.
Lemuel alisimama, kofia mkononi,
kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila hodi.
Kisha akaivaa kofia, akachukua shoka.
Yale mahindi tuliyala. Tuliyala hadi Februari.
Herufi nane, senti kumi na sita, za uongo?
Sinunui.

Wala shoka usichonge. Kila kaburi hapa lina shoka.

Walipomchagua mtunza hazina
kura zilipigwa kwa sauti, kando ya pipa la wiski:
kumi na tisa kwa kumi na sita,
na kaka yangu Asahel akalitaja jina la mwingine
huku akimtazama machoni.
Hazina yenyewe ilikuwa kasha chini ya kitanda chetu:
ngozi za rakuni, masikio makavu ya mbwamwitu,
sarafu za Kihispania zilizokatwa vipande kama keki.
Usiku yeye aliandika, mimi nilijumlisha.
Akikosea, namgusa goti.
Hakuna aliyejua. Sasa unajua wewe.

Ikaja habari ya mahakama: ijengwe wapi?
Ingejengwa kwetu, shamba letu lingegeuka dhahabu;
Asahel alishanunua viwanja sita kwa mkopo.
Kura ya mwisho ilikuwa ya Lemuel.
Akasema, huku chini mto hufurika, ijengwe kilimani.
Akarudi nyumbani, akanywa supu, hakusema neno.
Nami sikumsemesha siku kumi na moja.
Aprili maji yakapanda hadi ngazi ya tatu.
Hapo nikamsemesha:
"Shika upande huo wa kasha."

Asahel hajatukanyagia kizingiti tangu hapo.
Jana mazishini alisimama nje ya uzio, akavua kofia.
Hilo nalo halichongeki.

Nina senti thelathini na nane.
LEMUEL STROUD ni kumi na mbili, nimezizoea
tangu vitabu vya kaunti.
Zinabaki saba.
Mjukuu wangu ameniandikia neno kwa mkaa juu ya meza,
nami nimeligusa herufi moja moja:
ALIKUJA.
Basi. Hilo ni kweli, na linatosha.

Nukta je, ni bure?
Basi tia nukta.